Nilivyotafuna Kahawa ya Posa Nikienda Kuwasikiliza Kibanja Jazi

Ninyi mliokuja kusaga Ijumaa ile mkakuta mlango wa mashine una kufuli, mkarudi na mahindi yenu kichwani mkinilaani, maelezo ndiyo haya. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza njiani, na kwa kuwa siku hizi mtu akinieleza jambo namwomba arudie mara tatu, nimeona niandike mara moja wote msome. Atakayesema nimeongeza chumvi aende Songambele akaulize.

Mnajua nimesimama kando ya ile mashine ya kusaga miaka ishirini na miwili. Mnajua pia, maana mnanicheka, kwamba mtu akinisalimia kwa upande wa kulia nampita kama bwana mkubwa. Msilolijua ni namna nilivyogundua. Asubuhi moja mke wangu, mama Deo, aliniambia, "Hebu watupie vifaranga chenga, wanapiga kelele mno." Nikatazama uani. Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamepanua midomo kuelekea kwangu, na mimi sikusikia kitu.

Daktari wa masikio alinipima akasema la kulia limekwisha, la kushoto lipo lakini linaaga. Alinieleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, nene hufuata nyuma, na zilizoondoka hazirudi. Nilipotoka pale sikuwaza mashine wala unga. Niliwaza Kibanja Jazi.

Kwa msiowajua, hawa ni wanamuziki watano wa Songambele, wote sasa wana mvi, wanaoongozwa na mwimbaji wao Ma Koku. Nimewapenda tangu sijaoa, na sijawahi kuwaona kwa macho. Kila harusi waliyopiga huku kwetu, mimi nilikuwa mashineni nasaga unga wa harusi hiyohiyo. Nimewajua redioni, na wimbo wangu ni "Nisubiri Mavunoni", ule ambao katikati waimbaji wananyamaza na gitaa la solo linapanda juu. Sehemu hiyo nimeipigia mluzi miaka yote juu ya kelele za mkanda na injini. Siku Ma Koku alipotangaza redioni kwamba Jumamosi saa nane mchana watapiga uani kwake, bila spika, kwa magitaa makavu kama walivyoanza, mbele ya watu thelathini tu, niliapa kwamba mmoja wa thelathini ni mimi. Jinsi nilivyoipata nafasi naiacha. Kulikuwa na simu nyingi na shemeji mmoja mbishi.

Mama Deo alitazama mawingu, akatazama kifua changu kinachokohoa, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwamba ndiyo maana naondoka kabla halijafa.

Rugu hadi Nyaishozi

Niliondoka Ijumaa alfajiri, siku nzima kabla, kwa sababu nazijua barabara zetu. Nilivaa koti langu la kanisani. Mkononi nilikuwa na mfuko wa unga wa ulezi niliousaga mwenyewe na kuuchekecha mara mbili, zawadi ya Ma Koku, maana huendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Mama Deo alinifungia ndizi za kuchoma na karanga.

Kijana wa pikipiki alinipakia vizuri mpaka kilima cha kwanza. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara kuwa ya kuteleza, na kila tulipopanda aliniomba nishuke nitembee, kisha akanisubiri juu. Kufika kilima cha nne nikamwambia, "Mwanangu, mbona safari hii nimeipanda mimi na pikipiki imenisindikiza tu?" Akacheka mpaka akazima injini. Ndizi za kuchoma tulizimaliza pale juu, tumesimama, kila mmoja akisafisha matope ya viatu kwa kijiti.

Nyaishozi nilifika saa nne na suruali nyekundu mpaka magotini. Koti lilikuwa salama, isipokuwa bega moja lililoingia unga. Niliupangusa ukazidi kuenea.

Nyaishozi hadi Omurushaka

Gari lilikuwepo, dereva hakuwepo. Alikuwa anakula. Alipomaliza kula alikumbuka mikungu yake ya ndizi iliyokuwa kwa mtu, tukaifuata, na mwenye mikungu alikuwa shambani, tukamfuata. Haraka haraka haina baraka, alituambia dereva huyo, na mimi nikamwambia kwamba polepole yake nayo sijaona inachobarikiwa. Abiria wengine walinigeukia. Sikujali.

Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Muleba, mtu nadhifu, Mlutheri, mwenye maneno laini. Niliomba tubadilishane viti akae kushoto kwangu. Aliposikia ninakokwenda alifurahi kweli.

"Kibanja Jazi? Mimi nyimbo zao zote ninazo humu," alisema akigonga simu yake. "Huo wako upo. Chukua, sikiliza." Akanipa kile kidude cha sikioni.

Nikakitia sikio la kushoto. Ngoma zikaja, besi ikaja, Ma Koku akaimba. Nikafumba macho nikingoja. Ilipofika sehemu ya solo, ikawa ngoma na besi tu, tupu, mpaka Ma Koku alipoingia tena.

"Samahani," nilimwambia, "wimbo wako umekatwa. Solo haimo."

Akachukua kidude, akasikiliza, akakunja uso. "Imo, mzee."

"Haimo. Nimeupenda wimbo huu kabla wewe hujavaa viatu. Aliyekuuzia kakupa nusu."

"Waitu, ndugu yangu, mimi sijauziwa nusu ya kitu tangu nianze biashara," alisema. Yale maneno laini yakaisha hapohapo. Mpaka Omurushaka hakunisemesha tena, nami nilikaa na ushindi wangu, nikimhurumia kwa kudanganywa. Popote ulipo, ndugu yangu wa vitenge, nisamehe.

Pale Omurushaka nilikula wali na maharage, nikangoja gari la kuelekea Nyabiyonza mpaka saa kumi.

Nyabiyonza, kwa Mama Ansila

Gari hilo lilituteremsha Nyabiyonza jioni, dereva akasema haendi mbele kwa sababu kalavati limesombwa na mvua na yeye hajaoa bado. Nilisimama kando ya barabara na mfuko wangu wa unga. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kibaruani, jembe begani, aliniuliza nimepotea au nimefukuzwa.

Ndiyo namna nilivyofika kwa Mama Ansila. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa hapahapa, ni mjane na analima mashamba ya watu. Alinipa chumba cha mwanawe aliye masomoni. Nikamtolea unga wangu kidogo, akakoroga uji wa ulezi, akapika na ndizi kwa maharage, tukala.

Nilichokishangaa ni kwamba alikuja kukaa kushoto kwangu bila kuambiwa, na akazungumza akinitazama usoni. Nikamwuliza amejuaje.

"Baba alikuwa hivyohivyo," alisema. "Unageuza kichwa kama kuku anayetazama punje." Kisha akacheka, akaacha kucheka. "Alipoanza kutosikia aliona aibu kusema. Watu wakicheka naye anacheka, hajui wanacheka nini. Mwishowe tukaacha kumsemesha. Mimi pia niliacha. Mpaka leo linaniuma."

Nikamwambia uji ulikuwa mzuri.

"Ukifika huko kwa wapiga magitaa wako, ukikosa kusikia, sema," alisema akikusanya sahani. "Usije ukachekacheka."

Nikamwambia sitakosa, nitakaa mbele kabisa.

Nyabiyonza hadi Songambele, mtu wa saba

Jumamosi nilianza kutembea saa kumi na mbili na nusu. Kalavati kweli halikuwepo. Nilivuka kwa magogo mawili, koti nimelikunja kichwani, unga nimeukumbatia. Ng'ambo nilikaa juu ya jiwe kungoja lolote litakalopita. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Nilianza kuhesabu vilima, nikaona kwa miguu nitafika wakati Ma Koku anaosha vikombe. Nilinyanyuka nikatembea hivyohivyo.

Saa nne pikapu iliyotoka njia ya upande ilisimama kwa kishindo mbele yangu. Nyuma walikaa wanaume watano, wenye kanzu na makoti, wamezungukwa na makreti ya soda, mkungu mkubwa na kitambaa kilichofungwa vizuri. Kwenye kiti cha mbele mzee mnene alitoa kichwa dirishani.

"Shikamoo," alisema, ingawa tulikuwa rika moja. "Mzee, hilo koti ni lako?"

"Marahaba. Ni langu, kwani umeibiwa?"

Alijitambulisha kuwa Ta Rwekaza, mshenga, nami nikamwambia nawahi kuwasikiliza Kibanja Jazi. Walikuwa wanapeleka posa Songambele. Walitangaza watu saba, na wa saba wao, baba mkubwa wa kijana, aliamka na tumbo la kuendesha hata kusimama hawezi. Ukitangaza saba wakaja sita, wenyeji watauliza wa saba kabaki wapi, ana kinyongo gani na binti yao, na maneno hayo yanaweza kula asubuhi nzima.

"Kazi yako ni kukaa tu," alisema Ta Rwekaza. "Usiseme neno. Saa sita tumemaliza, tunakupeleka kwa hao wanamuziki mpaka mlangoni."

Nilipiga hesabu yangu: Songambele, kwa gari, bila kutembea. Nikapanda. Sikuwaambia habari ya sikio. Kwa kazi ya kunyamaza halikuhitajika.

Kwenye kiti cha mzee

Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi sakafuni, zinanukia. Tuliingia kwa mpangilio, na kwa kuwa mvi zangu zilikuwa nyingi kuliko za wote, Ta Rwekaza alinisukuma kwenye kiti kikubwa chenye mikono. Zawadi ziliingizwa. Mfuko wangu wa unga nikauona unaondoka mikononi mwangu na kupelekwa ndani pamoja na kitambaa na soda. Nilifungua kinywa, nikakumbuka nisiseme, nikakifunga.

Wenyeji walikaa upande wa pili. Mwenye nyumba alikuwa mtu mrefu anayezungumza kwa sauti ya chini sana, kama inavyotakiwa, na mimi nikapata nusu ya maneno. Wakasalimiana, wakasifiana, wakaulizana ya mvua na ya ng'ombe. Saa sita ikafika tukiwa bado kwenye ng'ombe. Nilimtazama mtu mmoja wa upande wa wenyeji, mwembamba, aliyekaa karibu na mlango. Naye alikuwa anatazama nje kila mara, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinatembeatembea juu ya paja. Nilijisemea kwamba angalau tuko wawili tunaoumia.

Saa saba kasoro, mwenye nyumba akasema maneno marefu kwa sauti ileile ya chini. Binti akaingia, akapiga magoti mbele yangu, akaniwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa na maganda yake.

Sasa hapa mnielewe. Kwetu Rugu mgeni akiletewa kahawa anachukua punje mbili tatu papo hapo anatia kinywani. Ukiiacha, unamwambia mwenyeji humwamini. Nami sikuwa nimekula tangu uji wa jana. Nikachukua punje tatu, nikatafuna, na nikamwambia binti ahsante kwa kichwa.

Chumba kizima kikanyamaza. Hata mimi nilikisikia kimya hicho.

Ta Rwekaza alinigeukia na macho yaliyotoka nje. Baadaye ndipo nilipoelezwa. Kwa watu wale, siku ya posa kahawa huletwa pamoja na masharti ya wenyeji, na anayetafuna ameyakubali. Upande wa kijana huiacha kikapuni, wakabishana kwanza, saa mbili, saa tatu, na kubishana huko ndiyo heshima ya binti. Jambo hilo kila mtoto wa pale analijua, ndiyo maana hakuna aliyefikiria kuniambia. Waliniambia nisiseme. Hakuna aliyeniambia nisitafune.

Na masharti yenyewe, yale maneno marefu ambayo sikuyapata, yalikuwa kwamba binti amalize kwanza masomo yake ya uuguzi, na harusi isubiri mpaka kahawa ivunwe. Akina Ta Rwekaza walikuja kuomba harusi kabla ya mavuno. Kijana wao ana haraka.

"Mzee wenu ametafuna," alisema mwenye nyumba, sasa kwa sauti ambayo hata mashineni ningeisikia.

"Ametafuna," alisema yule mwembamba wa mlangoni, akasimama haraka kama aliyekalia siafu. "Basi yamekwisha! Leteni chakula!"

Wanawake wakapiga vigelegele ndani. Ta Rwekaza angefanya nini? Alitabasamu kwa meno yote huku akinibana kiwiko. Matoke yakaja kwenye majani, na nyama, na omuramba, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. Nilikula nikitazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu. Saa nane kamili. Mgeni aliyetafuna kahawa ya nyumba haondoki kabla ya mikono kunawishwa, hilo kwetu pia lipo, kwa hiyo nilikaa nikawaza Ma Koku ameshaanza, solo limeshapanda na kushuka, na mimi niko hapa na paja la kuku la mtu nisiyemjua. Niseme ukweli, machozi yalinilenga.

Tulipotoka uani saa tisa kasorobo, Ta Rwekaza alinivuta pembeni.

"Umetuoza bila kutuuliza!"

"Nimewaposea kwa dakika tano kazi ya saa tatu," nilimjibu. Nilikuwa na hasira kuliko yeye. "Sasa nipeleke kwa wanamuziki. Ulisema saa sita!"

"Wanamuziki gani?" Sauti ilitoka nyuma yetu, kushoto kwangu. Alikuwa yule mwembamba wa mlangoni. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma, na begani amevaa gitaa.

"Kibanja Jazi," nilisema. "Wamekwisha kuanza."

"Hawajaanza," alisema. "Hawawezi kuanza bila mimi. Huyu binti ni wa kaka yangu, nisingeweza kutoka kabla ya kahawa kutafunwa. Nimekaa pale nikiomba Mungu alete mtu wa kutafuna." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ta Bitegeko. Mimi ndiye wa solo."

Nilisimama pale na doa la unga kwenye bega la koti, mkono wangu bado uko mikononi mwake. Ta Rwekaza akatutazama wote wawili, hasira ikamwishia, akacheka. Akatupakia kwenye pikapu, na njiani akanipa hukumu yangu: niliyetafuna ndiye mzee wa upande wao sasa, kwa hiyo siku ya harusi nitasimama kwenye nafasi ya baba mkubwa, tumbo lake lipone lisipone.

Uani kwa Ma Koku

Ua ni ule wa kuanikia kahawa, umefagiliwa, migomba pande tatu. Watu thelathini walikaa kwenye mikeka na viti vichache, wengi wao majirani, hakuna aliyelalamika kwa kusubiri. Ma Koku ni mdogo wa umbo kuliko sauti yake. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kuja mikono mitupu. Ta Bitegeko, niliyemsimulia njiani, akamweleza kwamba unga wake uko kwa baba wa binti, umeingia kwenye posa. Alicheka akashika kiuno. Nikawekwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwao, sikio la kushoto likielekea magitaa.

Walianza saa tisa na nusu. Jamani. Mtu aliyezoea redio hajui kwamba mwimbaji huvuta pumzi. Ma Koku alivuta pumzi nikaiona shingoni, kisha sauti ikatoka, ya mama mtu mzima, ina mikwaruzo, nami niliipata yote. Besi ilinipanda kupitia mkeka. Mpiga ngoma alikuwa anapiga kwa viganja tu, na uso wake umetulia kama anapepeta mchele. Nyimbo nne. Nilifurahi mpaka nikawa naogopa kuhema.

Kisha Ma Koku akasema, "Nisubiri Mavunoni."

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Waimbaji wakanyamaza. Ta Bitegeko akainamisha kichwa, vidole vyake vikapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, karibu na tumbo lake, vikaanza kukimbia.

Sikusikia kitu.

Niliona vidole. Niliona nyuzi zinatetemeka. Mama aliyekaa kando yangu alifumba macho na chozi likamtoka. Vidole vilikimbia na kurudi, na masikioni mwangu ilikuwa ngoma na besi tu, tupu, kama kwenye simu ya yule mtu wa vitenge. Nikawaona vifaranga wangu kumi na mmoja na midomo yao wazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimechelewa, na sikuchelewa kwa saa moja ya posa. Nimechelewa kwa miaka.

Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Nikatabasamu. Ta Bitegeko alinitazama akatingisha kichwa kwa furaha, nami nikatingisha changu.

Nikamkumbuka mzee wa watu anayecheka bila kujua kinachochekwa. Nikasema hapana. Sikuvuka kalavati kwa magogo, sikuoza mtoto wa watu, ili nije kutingisha kichwa. Nikasimama.

"Ta Bitegeko," nilisema, "naomba radhi mbele za watu. Sikusikia."

Watu wawili watatu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Nikawaeleza pale pale, nimesimama, mashine, vifaranga, daktari, yote. Niliwaambia sehemu ile nimeipigia mluzi miaka ishirini na leo nimeona vidole tu. Hakuna aliyecheka tena.

Ta Bitegeko aliinuka. Kisha akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Akagusa uzi mwembamba kabisa, juu. "Hii?"

"Hapana."

Akashuka. "Hii?"

"Hapana."

Akashuka tena, akashuka tena, mpaka kwenye nyuzi nene. "Hii?"

"Hiyo naipata," nilisema.

"Basi tutakaa hapo," alisema. Akajaribu kidogo peke yake, akikosea na kurudia, akimwambia wa besi asogee ampe nafasi. Ma Koku hakuharakisha mtu. Kisha wakaurudia wimbo tangu mwanzo, na walipofika katikati, waimbaji wakanyamaza, na lile gitaa badala ya kupanda likashuka.

Ilikuwa sehemu ileile, kila pindo lake nililijua, isipokuwa sasa ilisemwa na mtu mzima, taratibu, kwa sauti nzito. Niliisikia yote. Sikukosa hata moja. Nililia pale mbele ya watu thelathini nikiwa na koti langu la kanisani, na sioni aibu kuwaandikia.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba walipomaliza. Ma Koku alinisindikiza mpaka barabarani, akiwa kushoto kwangu.

"Sasa mkiupiga kwingine mtaurudisha juu," nilimwambia.

"Kwa nini?" alisema. "Bitegeko naye ana miaka yake, kule juu vidole vinamuuma. Hujaona alivyofurahi? Utabaki hapo hapo."

Kurudi Rugu

Nilirudi Jumapili kwa njia ileile, na kwa Mama Ansila nilipita kumwambia kwamba nilisema. Aliniuliza ilikuwaje, nikamsimulia tangu kahawa mpaka mwisho, naye akanikoroga uji mwingine. Mama Deo alinipokea akauliza kama dawa imesikiwa. Nikampigia mluzi wimbo wote, sehemu ya katikati kwa sauti nzito, akasema nimekosea. Nikamwambia asubiri.

Mashine imefunguliwa tangu Jumatatu. Nimetia pamba masikioni, basi mkija msipige kelele mlangoni. Njooni upande wa kushoto mniguse bega.

Na mwaliko nimeshaupata kwa Ta Rwekaza, nawafikishia. Baada ya kahawa kuvunwa, Songambele, mimi nikiwa mzee wa upande wa bwana harusi, na wapigaji ni Kibanja Jazi. Njooni wote, na masikio yenu mazima. Watakapofika kwenye "Nisubiri Mavunoni", mkasikia gitaa linashuka pale ambapo redioni linapanda, msigeukiane mkasema wazee wamekosea. Wamenisubiri.